Saratani na Vituo Vyake: Kwa Nini Tabibu Hutaka Picha Kabla ya Dawa



Wasomaji wetu watukufu, sisi tukaao Nzega twakaa juu ya njia. Tangu zamani za misafara, watu waliotoka Tabora kwenda upande wa Ziwa Nyanza walipita katika nchi hii, na hata leo barabara itokayo Tabora huja hapa kukutana na ile itokayo Singida kwenda Shinyanga na Mwanza. Wazee wetu Wanyamwezi, waliochukua mizigo kutoka bara mpaka Bagamoyo na kurudi, walijua jambo moja ambalo leo twataka kulitumia: msafara hauruki. Hauna budi kupiga kambi. Aliyetaka kujua msafara umefika wapi hakukimbia porini kuutafuta, bali aliuliza katika vituo, kimoja baada ya kimoja.

Maradhi ya saratani nayo aghalabu husafiri kwa vituo. Vituo vyake ni zile tezi ndogo zilizomo mwilini, ambazo zikivimba kinenani watu huziita mitoki. Tabibu anayetaka kujua saratani imefika wapi huenda kuuliza katika tezi hizo, na mojawapo ya njia zake za kuuliza ni kipimo kiitwacho MRI, pamoja na sindano ya dawa ya kung'arisha picha. Kipimo hicho ndicho tutakachokieleza.

Sisi si matabibu. Kazi yetu ni kusomesha watoto Kurani, na elimu yetu ya shule ni ya msingi tu. Yaliyo ya tiba tumewauliza wenye elimu yake, tena tukauliza mara ya pili, kabla ya kuthubutu kuyaandika. Tumeyaandika kwa sababu tulipata kutoa shauri lenye kosa, na yule aliyelipokea ndiye aliyetutaka tuwaeleze wengine.

HABARI YA MAMA MMOJA

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha alitujia kijana aliyekuwa mwanafunzi wetu chuoni. Mama yake alikuwa akitokwa na damu isiyo ya ada yake, naye ni mtu mzima ambaye hedhi yake ilikuwa imekwisha koma. Hospitalini walikata kinyama, wakakipima, wakaona ni saratani ya mlango wa kizazi. Kisha wakaagiza apigwe picha ya MRI yenye sindano, ili ijulikane kama tezi za nyonga zimekwisha ingiwa.

Nyumba ile ilikuwa imeuza ng'ombe wawili na magunia ya mpunga. Mjomba wa kijana, ambaye neno lake lilikuwa zito katika ukoo, alisema kuwa picha haijapata kumponya mtu, na fedha ile ni afadhali inunue dawa. Kijana akasema, "Maalim, tumeshindwa kuafikiana. Mjomba amesema utakalolisema wewe ndilo tutakalolifuata."

Nasi, bila ya kumwuliza hata mganga mmoja wa hospitali, tukajibu: "Mjomba wako amesema kweli. Picha si dawa. Anzeni na dawa, picha itafuata."

Miezi minne ikapita. Zikanunuliwa chupa za dawa, ikachemshwa mizizi, na mama akatiwa maji ya mshipa mara mbili tatu. Damu haikukoma. Walipokwenda hatimaye katika hospitali kubwa, picha ikapigwa. Kijana alirudi nayo katika bahasha pana, akatuonyesha chuoni kwa kuielekeza dirishani ipate mwanga. Akaweka kidole pale tabibu alipoweka chake: tezi za nyonga, kushoto na kulia, na nyingine zilizopanda kando ya mshipa mkubwa wa damu upitao mbele ya uti wa mgongo, zimefuatana mfano wa shanga za tasbihi. Mama alitibiwa kwa mionzi, ikapunguza damu na maumivu. Alifariki katika mwezi wa Shaabani. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Hatusemi kuwa picha ingemponya. Huenda tezi zile zilikwisha ingiwa tangu usiku ule alipotujia mwanawe. Hilo hatulijui, wala hapana awezaye kutuambia, kwa sababu picha ya siku ile haikupigwa. Na sisi ndio tuliosema isipigwe.

TEZI NI NINI, NA SARATANI HUFIKAJE HUKO

Kila mtu anaijua mishipa ya damu. Lakini mwilini imo mishipa mingine iliyo myembamba zaidi, inayochukua maji maji meupe yanayovuja katika nyama na kuyarudisha katika damu. Maji hayo huitwa limfu. Katika njia yake kuna tezi, nazo ni mamia: shingoni, kwapani, kinenani, kifuani, tumboni na ndani ya nyonga. Nyingi hazifiki ukubwa wa punje ya haragwe.

Kazi ya tezi ni ulinzi. Maji yapitapo humo huchujwa, na kijidudu kikikamatwa hupigwa vita. Ndiyo maana mtoto aliyejikata mguu huvimba mtoki kinenani, na mwenye jino bovu huvimba chini ya taya. Uvimbe wa namna hiyo ni dalili kuwa walinzi wako kazini, na aghalabu hurudi chini jeraha linapopona.

Saratani nayo hutumia njia hiyo hiyo. Chembe zake hujitenga na uvimbe wa kwanza, zikaingia katika mshipa wa limfu, zikachukuliwa mpaka tezi ya karibu. Nyingine hufia hapo. Nyingine hupiga kambi, zikazaana, kisha zikaendelea mpaka tezi ya mbele. Saratani ya titi hupenda kwenda kwapani. Ile ya mlango wa kizazi huanza na tezi za nyonga, kisha hupanda kuelekea mgongoni. Ya tezi dume, ambayo ni maradhi ya wanaume wazee, nayo huanzia nyonga. Mwaka 1992 tabibu Donald Morton wa California na wenzake walitangaza njia ya kutia rangi ya buluu karibu na saratani ya ngozi, wakaifuata mpaka tezi ya kwanza inayoipokea, wakaitoa hiyo peke yake na kuipima. Ikiwa kituo cha kwanza ni safi, yaelekea vya mbele navyo ni safi. Elimu hiyo imewaokoa wanawake wengi wenye saratani ya titi wasikatwe tezi zote za kwapa na kubaki na mkono uliojaa maji.

UKUBWA PEKE YAKE SI SHAHIDI WA KUTOSHA

Tezi za kwapani na shingoni mtu aweza kuzipapasa kwa vidole. Zile za ndani ya nyonga hazipapasiki, ndipo picha inapohitajika.

Kwa miaka mingi kipimo cha matabibu kilikuwa ukubwa. Tezi ikipita sentimita 1 kwa upana wake mfupi, ilishukiwa. Kanuni hiyo yafaa, lakini ina makosa mawili. La kwanza, tezi yaweza kuwa kubwa wala haina saratani. Katika nchi yetu kifua kikuu huvimbisha tezi, virusi vya UKIMWI huvimbisha tezi, na vidonda vya kawaida navyo huvimbisha. La pili, ambalo ni hatari zaidi, tezi yaweza kuwa ndogo kabisa na ndani yake saratani imekwisha piga kambi. Ukubwa wa nyumba haukuambii nani amelala ndani.

Kwa hiyo wataalamu walitafuta njia ya kuona ndani ya tezi, wasiishie kuipima kwa nje.

SUMAKU NA DAWA YA KUNG'ARISHA

Mashine ya MRI ni sumaku kubwa yenye umbo la pipa lililolazwa. Nyingi zina nguvu ya tesla 1.5, ambayo ni kiasi cha mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya ardhi inayogeuza dira. Mwili wa mwanadamu umejaa maji, na katika maji imo haidrojeni. Ndani ya sumaku hiyo viini vya haidrojeni hujipanga. Mashine hutuma mawimbi ya redio yakavisukuma, na virudipo mahali pake hutoa mawimbi madogo ambayo mashine huyapokea na kuyafanya picha. Hamna humo miale ya eksirei. Wataalamu wawili, Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza, walipewa tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2003 kwa kazi yao katika jambo hili.

Dawa ya kung'arisha itumiwayo sana ina madini yaitwayo gadoliniamu. Yakiwa peke yake ni sumu. Kwa hiyo wakemia huyafunga ndani ya kitu kingine kinachoyashika barabara mpaka yatoke mwilini. Dawa ya kwanza ya namna hii iliruhusiwa kutumiwa kwa wagonjwa mwaka 1988. Huingizwa kwa sindano katika mshipa wa mkono, ikaenda na damu, na kila mahali penye damu nyingi pakang'aa katika picha. Uvimbe wa saratani aghalabu hujitengenezea mishipa mingi ya damu. Kwa hiyo mipaka yake huonekana vizuri. Tezi iliyooza kati kwa sababu ya saratani huonekana mfano wa pete, ukingo unang'aa na katikati pana giza. Siku hizi ipo pia namna ya picha ya MRI inayotazama jinsi maji yanavyotembea kati ya chembe, nayo haihitaji sindano. Tabibu huichanganya na nyingine ili apate ushahidi zaidi.

Walakini dawa ya gadoliniamu haitambui saratani kwa jina. Huonyesha damu tu, na tezi yenye vita ya kijidudu nayo ina damu nyingi. Basi wakatafuta dawa ambayo tezi yenyewe itaitolea ushahidi.

Wakaipata katika chuma. Walitengeneza chembe ndogo mno za namna ya kutu ya chuma, wakazitia katika mshipa wa damu, wakangoja siku moja. Katika tezi iliyo nzima, walinzi wake huzimeza chembe hizo, na chuma huifanya tezi iwe nyeusi katika picha. Pale palipoingiwa na saratani walinzi wamekwisha ondolewa mahali pao; chembe hazimezwi, na sehemu ile hubaki nyeupe. Weusi ukawa ndio uzima.

Mwaka 2003 matabibu wa Boston, Marekani, na wa Nijmegen, Uholanzi, walitangaza matokeo ya wanaume 80 wenye saratani ya tezi dume waliopimwa hivyo. Wanaume 33 kati yao walikuwa na saratani katika tezi, na kipimo kiliwatambua wote. Tezi zilipohesabiwa mojamoja, MRI ya kawaida ilizitambua 35 katika kila 100 zilizokuwa na saratani, na ile yenye chembe za chuma ilizitambua zaidi ya 90. Tezi nyingi kati ya hizo zilikuwa ndogo kiasi ambacho kanuni ya ukubwa ingezipitisha kuwa salama.

Hata hivyo, maombi ya kuuza dawa ile Ulaya yaliondolewa mwaka 2007, na baadaye wataalamu wa Nijmegen wakaanza kuitengeneza upya kwa ajili ya kazi yao. Si dawa ya kawaida ya hospitali. Tumeieleza ili msomaji ajue kuwa tatizo la tezi ndogo ni la kweli, na kuwa picha nzuri ya leo yaweza bado kupitwa na saratani iliyojificha. Tabibu mwema hukwambia hivyo kabla hujamwuliza, na penye shaka huchukua kinyama cha tezi kwa sindano au kwa upasuaji, kikatazamwa kwa darubini. Darubini ndiyo yenye neno la mwisho.

KWA NINI KABLA, WALA SI BAADAYE

Sasa twarejea katika kosa letu. Mjomba alisema picha haiponyi, na ni kweli. Lakini dirisha nalo halilimi, na mkulima huchungulia dirishani aone mvua kabla ya kuchukua jembe.

Saratani ya mlango wa kizazi iliyo ndogo, isiyotoka mahali pake, yaweza kutolewa kwa upasuaji. Ikiwa imeingia katika tezi, tiba yake kubwa ni mionzi pamoja na dawa za saratani. Ikiwa imepanda tezi za mgongoni, uwanja wa mionzi hauna budi kupanishwa mpaka uzifikie. Anayetibu bila ya kujua aweza kumpasua mwanamke ambaye baadaye itambidi apewe na mionzi pia, akapata mateso mawili badala ya moja. Au aweza kuipiga nyonga kwa mionzi na kuiacha nje tezi moja yenye maradhi, ambayo itaanza safari upya.

Kwa ajili hiyo shirikisho la kimataifa la matabibu wa wanawake na uzazi, FIGO, lilibadili kanuni zake mwaka 2018. Zamani daraja za maradhi haya zilipangwa kwa yale tabibu aliyoyaona na kuyapapasa, kwa sababu nchi nyingi zenye wagonjwa wengi hazikuwa na mashine. Tangu mwaka huo tezi zimetiwa katika hesabu: mwenye saratani katika tezi za nyonga au za mgongoni huhesabiwa katika daraja ya tatu, hata kama uvimbe wenyewe ni mdogo.

Wala wazo hili si geni katika ilimu ya Waislamu. Neno lenyewe, saratani, ni la Kiarabu, na maana yake ni kaa wa baharini, kwa jinsi maradhi yanavyotanda miguu. Abul Qasim al-Zahrawi, mpasuaji mkubwa wa Andalusia aliyefariki karibu na mwaka 1013, alifundisha kuwa saratani ikiwa changa na ndogo, mahali panapowezekana kuing'oa yote, ikatwe. Ama iliyokomaa na kuwa kubwa isiguswe, na akakiri kuwa yeye mwenyewe hakupata kuiponya hata moja ya namna hiyo. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, bila ya sumaku wala eksirei, mtu yule alianza kwa kuuliza: imefika wapi? Sisi tuliulizwa katika zama hizi, tukaliruka swali.

MAJIBU KWA WENYE KUSITA

Tangu mama yule afariki tumesikia maneno mengi barazani kuhusu kipimo hiki. Tutayajibu kwa ufupi.

Wako wasemao kuwa mashine ile huunguza au hunyonya damu. Sivyo. Mgonjwa hulala, husikia kelele kubwa za kugonga, hupewa vizibo vya masikio, na hutakiwa atulie bila ya kutikisika kwa muda wa nusu saa hadi saa nzima. Wengine huona dhiki ya kufungiwa. Amwambie mhudumu mapema, na hupewa kengele ya kubonyeza akihitaji msaada.

Wako waulizao kuhusu sitara ya mwanamke. Hospitali hutoa vazi la kuvaa, na inafaa kuomba mhudumu wa kike. Lakini chuma chochote hakiingii: pini za ushungi, mkufu, kipini, pete, saa, na hata hirizi iliyo katika kifuko cha bati au fedha. Wanja nao uoshwe, kwani aina nyingine zina madini. Aliye na kifaa cha moyo, au chuma kilichobaki mwilini kwa upasuaji au kwa risasi, aseme kabla ya kuingia. Kunyamaza kwaweza kumdhuru.

Wako waogopao sindano. Kwa watu wengi haina madhara zaidi ya baridi ya kupita mkononi au kichefuchefu kidogo, na wachache hupata mzio, ambao wahudumu hukaa tayari kuutuliza. Lakini wenye figo mbovu wana hadhari yao. Mwaka 2006 iligunduliwa kuwa baadhi ya dawa za zamani za gadoliniamu ziliwaletea watu wa namna hiyo ugonjwa wa kukakamaa ngozi na viungo. Kwa sababu hiyo mwenye maradhi ya figo hupimwa damu kwanza, na dawa zilizofungwa imara zaidi huchaguliwa. Mwenye mimba hapewi ila kwa dharura. Anayenyonyesha hana haja ya kumwachisha mtoto, kwani kiingiacho katika maziwa ni kidogo mno.

Wako wanaoahirisha kwa ajili ya Ramadhani. Sheria yetu imempa mgonjwa ruhusa, na siku hulipwa. Saratani haingojei mwezi kuandama.

Na wako wasemao, kila jambo ni kadari. Ni kweli, na kutafuta dawa nako kumo katika kadari. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametuagiza tujitibu. Aliyefunga ngamia wake hakumkosea Mwenyezi Mungu.

LILILO KARIBU NA LILILO RAHISI

MRI haipatikani katika kila mji. Kwa sisi watu wa Nzega safari ni ya Mwanza, kwenye Hospitali ya Bugando ambako tiba ya saratani hutolewa, au ya Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, iliyoko katika majengo ya hospitali ya zamani ya Wajerumani na iliyofanywa taasisi mwaka 1996. Ni safari ndefu na ya gharama. Ndiyo sababu twasema ukoo ukutane mapema, wajue nani atafuatana na mgonjwa, na nauli na bima vitatengenezwaje. Wasingoje mpaka mgonjwa hawezi kuketi katika basi.

Walakini lililo bora kuliko picha ni kutoihitaji. Wataalamu wa kimataifa walikadiria kuwa katika mwaka 2020 wanawake wapatao 10,000 wa Tanzania walipata saratani ya mlango wa kizazi, na zaidi ya 6,000 wakafa kwayo. Hapana saratani iuayo wanawake wetu zaidi ya hiyo. Nayo husababishwa na kirusi kiitwacho HPV, na huchukua miaka mingi kabla ya kuwa saratani kamili. Katika miaka hiyo hugunduliwa kwa kipimo kisichohitaji sumaku wala umeme mwingi: mkunga hupaka asidi iliyo katika siki kwenye mlango wa kizazi, na pale palipoanza kuharibika hugeuka peupe. Wanawake wa miaka 30 hadi 50 wanahimizwa kupimwa. Tena chanjo ipo. Ilianza kutolewa nchini pote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikatolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Katika chuo chetu wamo wasichana wa umri huo, na siku ya chanjo sisi wenyewe tuliwapeleka.

Nanyi vijana mnaosoma haya, msiogope kila mtoki. Lakini tezi iliyo ngumu, isiyouma, inayokua, na isiyoondoka katika wiki tatu, ionyesheni hospitalini. Mama akitokwa na damu baada ya hedhi yake kukoma, au baada ya tendo la ndoa, si jambo la kuonea haya wala la kungoja mavuno.

Ama sisi walimu na masheikh, watu hutujia kwa sababu wanatuamini katika dini, kisha hutuuliza na yasiyokuwa ya dini. Tuwe na ulimi wa kusema, "Hili silijui, twende tukamwulize anayelijua." Usiku ule hospitali ya wilaya haikuwa mbali na nyumba yetu, na kulipokucha tungeweza kufuatana na kijana kwa miguu.

Mwezi uliopita alitujia mzee mmoja na bintiye, mwenye uvimbe katika titi na tezi kwapani. Ameagizwa kipimo, na nyumbani wamegawanyika kama ile nyumba ya kwanza. Safari hii hatukutoa shauri. Tulivaa viatu, tukaenda nao hospitalini, tukakaa nje katika benchi pamoja na yule mwanafunzi wetu, ambaye alikuja mwenyewe bila ya kuitwa. Binti alipotoka na karatasi yake, kijana ndiye aliyeisoma na kuwaeleza wazee wake nini kinachotafutwa, na kwa nini kinatafutwa kabla ya dawa. Wamekwenda Mwanza Jumatatu. Twawaomba wasomaji wetu wamwombee dua, na wagonjwa wote wa Kiislamu na wasiokuwa Waislamu.

Wabillahi taufiq.